Kigango si Sanamu: Lugha, Diplomasia na Urejeshaji wa Vigango vya Wamijikenda

Mnamo Januari 2014 jumba la makumbusho ya maumbile na sayansi la mji wa Denver, nchini Marekani, liliyakabidhi Makumbusho ya Taifa ya Kenya vigango 30 vya Wamijikenda. Jumba hilo lilikuwa limevipokea kama zawadi mwaka 1990 kutoka kwa watu wawili wa ulimwengu wa filamu. Makabidhiano ya mwaka 2014 yalikuwa ya karatasi tu. Miti yenyewe ilikaa Denver miaka mingine mitano, kwa sababu ya gharama na taratibu za usafirishaji, na ilipofika Nairobi mwaka 2019 ikadaiwa ushuru wa forodha, kama zidaiwavyo bidhaa zinazoingizwa nchini kutoka ng'ambo.

Kisa cha ushuru huo kimesimuliwa zaidi kama kichekesho cha urasimu. Kwa mwanafunzi wa lugha kina uzito kuliko huo. Orodha za forodha zina fungu la kazi za sanaa, fungu la samani na fungu la mbao zilizochongwa. Hazina fungu la wazee waliofariki. Kitu kisicho na jina katika orodha hupewa jina la kitu kilicho jirani nacho, na jina hilo likishaandikwa huzaa haki na wajibu wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgogoro wa vigango, tangu viliposimikwa hadi vilipoibwa, vikauzwa, vikadaiwa na baadhi yao kurejeshwa, umekuwa kwa sehemu kubwa mgogoro wa majina, na kwamba wataalamu wa lugha za Kiafrika wana sehemu yao ndani yake ambayo hadi sasa wameiachia wanasheria na wanaanthropolojia.

Ni vyema kwanza jambo lenyewe lielezwe. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, wenye urefu wa baina ya futi nne na tisa hivi, uliochongwa kichwa cha duara au chenye sura ya mtu, na kiwiliwili bapa kilichojaa nakshi, hasa za pembetatu, ambazo hutiwa rangi. Huchongwa na kusimikwa kwa ajili ya mwanamume aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha watu wenye heshima na uwezo, ambacho mtu hakuingia ila kwa kutoa karamu na ada. Desturi hii ni ya Wagiriama hasa, ingawa baadhi ya jirani zao katika Wamijikenda wanayo pia. Wafu wasiokuwa wa Gohu husimikiwa vijiti vidogo zaidi, vikoma. Kigango hakisimikwi siku ya mazishi wala hakiwekwi juu ya kaburi kama alama. Aghalabu husimikwa baada ya muda, pengine miaka, marehemu anapomjia mmoja wa jamaa katika ndoto na kulalamika kuwa amesahauliwa, au misiba inapoiandama nyumba na mganga akaeleza kuwa mzee anadai haki yake. Tangu hapo kigango hupewa chakula na tembo, huzungumzwa nacho, huombwa mvua na afya. Na hakiondolewi. Jamaa wakihama, kigango hubaki pale pale kiliposimikwa mpaka kiliwe na mchwa na kurudi udongoni.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo iliyovifanya vigango viwe windo rahisi. Tangu miaka ya 1970, baada ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani kuanza kuvitamani, vijana wa vijijini waliokuwa na haja ya fedha walivingoa usiku na kuviuza kwa bei ndogo kwa wafanyabiashara wa vinyago mjini Mombasa, na kutoka huko vikaingia katika majumba ya sanaa ya ng'ambo kwa bei kubwa mara nyingi zaidi. Wateteaji wa biashara hiyo walikuwa na hoja moja waliyoirudia daima: kwamba vigango vilikuwa vimeachwa na wenyewe, na kitu kilichoachwa ni cha aokotaye.

Hoja hiyo haisimami kwa Kiswahili. Kiswahili kina neno hame, kwa wingi mahame, yaani mahali palipokuwa na watu wakahama. Neno latokana na kitenzi hama, na kuhama si kutupa. Mwenye mahame anajulikana. Makaburi yake yako pale, mkwaju wake uko pale, na mtu akitaka kulima hapo huuliza. Nayo lugha ina neno jingine kwa kitu kilichotupwa, jaa, mahali pa takataka. Mfanyabiashara aliyeingia katika hame la Kigiriama akaona kigango kimeinama, kimefunikwa na nyasi, alilisoma hame kuwa ni jaa. Katika lugha aliyoitumia maneno hayo mawili yamekuwa na neno moja tu la kutafsiria, nalo ni lile la kutelekeza. Hapo ndipo haki ilipopotea kwa mara ya kwanza, kabla ya mahakama yoyote kuulizwa.

Upotevu wa pili ulikuja na neno sanamu. Magazeti ya Kiswahili, na hata baadhi ya maandishi ya kitaaluma, huita vigango sanamu za Wagiriama. Ni neno la mkato na linaeleweka upesi, lakini kwa msomaji wa pwani sanamu si neno lisilo na upande. Mapokeo ya Kiislamu na ya Kikristo yamelitia maana ya kitu kilichochongwa na kuabudiwa badala ya Mungu, na mhubiri anaposema "waabudu sanamu" hakusudii kuwasifu wachongaji. Kuita kigango sanamu, basi, ni kukubali mambo mawili kwa pamoja, yote mawili ya uongo: kwamba kigango ni mfano wa mtu, kama picha, na kwamba kinaabudiwa. Kwa Wagiriama kigango ni mahali ambapo koma, roho ya mzee aliyekufa, hukutana na walio hai. Neno koma si geni katika Kiswahili cha pwani, na jirani yake mzimu hutumika kwa roho na kwa mahali pa roho pia. Msamiati uliofaa ulikuwapo. Uliachwa kwa sababu wauzaji walihitaji neno linalouzika, na waandishi nao hawakuwa na subira ya kueleza. Wenye majumba ya ng'ambo hawakufanya vizuri zaidi. Wengine waliandika "nguzo za makaburi", na wengine wakaazima neno la Wahindi Wekundu wa Marekani la totemu, ambalo halihusiani na Gohu hata kidogo.

(Msomaji wa bara atakumbuka pia kwamba katika lugha ya Kanisa Katoliki kigango ni kikanisa kidogo kilicho chini ya parokia. Tena kuna gango, kitu cha kuungia au kukazia, na kitenzi ganga. Wapo wanaopenda kuyafunga yote haya kamba moja. Kufanana kwa maumbo hakutoshi kuthibitisha nasaba, na hoja ya makala haya haihitaji msaada huo.)

Kitenzi kinachoandamana na kigango chastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko nomino. Kigango husimikwa. Nguzo husimikwa pia, lakini vilevile chifu, mfalme na askofu. Kiswahili chatumia kitenzi hicho hicho kwa mti utiwao ardhini na kwa mtu awekwaye katika cheo, na katika kigango maana zote mbili zimekutana: mti unatiwa ardhini, na mzee anawekwa katika daraja la wale wanaosikilizwa. Kinyume chake ni kung'oa, na kiongozi naye hung'olewa. Aliyeandika katika kumbukumbu za jumba la makumbusho kwamba kitu fulani "kilinunuliwa Mombasa" alificha kitenzi kilichotangulia ununuzi.

Hapa pana suala la upatanisho wa kisarufi ambalo halijapewa nafasi yake. Nomino za ngeli ya ki-vi zinazotaja viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa a-wa: kijana amekuja, kiziwi amesikia kwa macho, viongozi wamesema. Kigango, katika Kiswahili cha kawaida, huchukua ki-vi bila mjadala: kigango kimerudi, vigango vimeibwa. Upatanisho huo unakiweka pamoja na kiti na kijiko. Lakini jamaa wanaokipa kigango tembo na kukisemesha hawakifanyii kama kiti. Wanakifanyia kama mtu aliyekaa kimya. Haitapendekezwa hapa kwamba magazeti yaanze kuandika "kigango amerudi", maana sarufi haibadilishwi kwa amri. Inatosha kutambua kwamba kila sentensi ya Kiswahili kuhusu vigango imekwisha kuchukua msimamo katika mgogoro ambao msemaji huenda hajui kuwa upo.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha vigango viwili vya mzee mmoja wa Kigiriama aliyevisimika kwa ajili ya ndugu zake. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee huyo akiwa amesimama karibu navyo. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mzee alimwomba mgeni wake amsaidie kuvitafuta, naye akafa bila kuviona. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa taaluma za Kiafrika huko Marekani, Udvardy alikuwa akimsikiliza mwenzake Linda Giles, na katika picha zilizoonyeshwa ukutani akakitambua kimoja. Kilikuwa katika mkusanyo wa makumbusho katika jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana katika jumba la Hampton University, jimbo la Virginia. Wakishirikiana na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wataalamu hao walichapisha uchunguzi wao mwaka 2003, na katika hesabu yao vigango 294 vilikuwa katika majumba 19 ya Marekani. Kile cha Illinois kilirejeshwa mwaka 2006 na kufikishwa kwa jamaa mwaka uliofuata. Cha Hampton nacho kilirejeshwa.

Mafanikio hayo yalitegemea picha moja. Kulikuwa na mzee, mahali, mwaka na sura ya nakshi, vyote katika karatasi moja, na hakuna aliyeweza kukana. Vigango vingine havikuwa na bahati hiyo. Vile 30 vya Denver havikuandikiwa na muuzaji jina la kijiji wala la ukoo, na bila jina hilo haiwezekani kusema ni mzee wa nani, na bila kusema ni mzee wa nani hakuna nyumba ya kukirudishia. Ndiyo maana vilikabidhiwa taifa. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la jimbo la Illinois lilirejesha vigango vingine 37, navyo vikapitia njia hiyo hiyo.

Njia hiyo ndiyo inayoleta suala la utaifa. Katika diplomasia dola huzungumza na dola, na taasisi huzungumza na taasisi inayolingana nayo. Jamaa wa kijiji cha Kilifi hawana balozi. Madai yao yakitaka kusikilizwa ng'ambo sharti yavae joho la taifa, na yakishalivaa huanza kusema lugha ya taifa: urithi wetu, turathi za Kenya, mali ya kale. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inaiwezesha serikali kufanya hivyo, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Haya ni mambo mema. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 63, inayahesabu maeneo matakatifu yanayotunzwa na jamii kuwa ardhi ya jamii yenyewe. Kigango kilichosimikwa katika ardhi ya namna hiyo kilikuwa cha jamii siku kilipong'olewa. Kwa kupitia uwanja wa ndege kimekuwa cha taifa. Badiliko hilo halikutangazwa na yeyote. Lilipita ndani ya neno "urithi".

Pengine itasemwa kwamba hii ni hofu ya bure, kwani Mgiriama ni Mkenya na cha Mkenya ni cha Kenya. Historia haiungi mkono wepesi huo. Jina Mijikenda lenyewe, yaani miji tisa, lilienea katika miaka ya 1940 kuchukua mahali pa "Wanyika", jina la watu wa nyika walilopewa na wengine, na ambalo bado limo katika kamusi ya Krapf na Rebmann iliyochapishwa mwaka 1887. Watu hawa wamekwisha kuonja jinsi inavyokuwa kuitwa na mwingine. Mwaka 1913 Mekatilili aliwaapisha Wagiriama wasitoe kodi wala vibarua, akakamatwa na kupelekwa mbali. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ililipua Kaya Fungo kwa baruti, kwa kuwa ilifahamu vyema kwamba nguvu ya kiapo ilikuwa katika mahali. Leo Mekatilili ni shujaa wa taifa, na makaya yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2008. Heshima hiyo ni ya haki. Hata hivyo imekuja kwa sharti kwamba kilichokuwa cha siri kionekane, na kilichokuwa cha mahali pamoja kiwe cha wote.

Mvutano huu si wa Kenya peke yake. Sanamu ya Afo-A-Kom ya ufalme wa Kom nchini Cameroon, iliyoibwa mwaka 1966 na kurejeshwa mwaka 1973, ilipitia Yaoundé kabla ya kufika milimani kwa wenyewe, na safari hiyo ilimfanya mlinzi wa ufalme mmoja mdogo awe fahari ya jamhuri. Nigeria ilitia saini mapatano na Ujerumani mwaka 2022 juu ya shaba za Benin zilizotekwa na Waingereza mwaka 1897. Vitu 20 vya kwanza vikafika Desemba mwaka huo, na Machi 2023 rais wa nchi akaamuru kwamba mwenyewe ni Oba wa Benin. Wazungu waliokuwa wakidhani wamelirudishia taifa walishtuka, na baadhi yao wakasitisha makabidhiano. Kwa muda mrefu walikuwa wameuliza, "Tumrudishie nani?", na walipojibiwa hawakulipenda jibu.

Lugha ya mapatano yenyewe inataka kusomwa polepole. Katika mapatano ya Ujerumani umiliki ulihamishwa kwanza, kisha sehemu ya vitu ikabaki Berlin kama mkopo kutoka kwa Nigeria. Mwaka 2024 mambo yaligeuzwa: majumba mawili ya London yalimpa Asantehene wa Ghana vitu 32 vya dhahabu na fedha vya Waasante kwa mkopo, vikaonyeshwa Kumasi. Mkopo, katika Kiswahili, humweka mmoja kuwa mwenye mali na mwingine kuwa mdeni. Denver nayo ilitoa kwa hiari, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayoyalazimisha majumba kurejesha mifupa na vitu vitakatifu inawahusu wenyeji wa asili wa nchi hiyo tu. Hiari ni jambo la kusifiwa. Lakini anayepewa kwa hiari husema asante, na anayerudishiwa chake hawajibiki kusema hivyo. Baina ya kupewa, kukopeshwa, kurudishiwa na kukomboa kuna daraja nne za haki, na mfasiri wa hati za kidiplomasia anayeyatumia maneno hayo kwa kubadilishana ili kuepuka marudio ya sauti anafanya kosa lisilo la mtindo tu.

Wapo wanaosubiri bila hata mkopo. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa mto Tana, ilichukuliwa na maafisa wa kikoloni mwaka 1902 na imo katika ghala la British Museum tangu mwaka 1908. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inalifunga jumba hilo lisitoe kitu ila kwa sababu chache mno. Katika ghala za jumba hilo hilo zimo tabot za Kanisa la Ethiopia zilizotekwa Magdala mwaka 1868. Tabot hizo haziruhusiwi kutazamwa na yeyote asiye kasisi, na jumba lenyewe limekubali kutozionyesha wala kuzichunguza. Limekubali kwamba si vitu vya kutazamwa, na bado zimo katika makumbusho.

Neno makumbusho nalo lina lake la kusema. Limetokana na kukumbusha, kumfanya mwingine akumbuke, na katika lugha zetu hakuna kitu kilichostahili jina hilo zaidi ya kigango, kilichochongwa kwa sababu mzee alilalamika kuwa amesahauliwa. Kwa nini basi vigango visibaki katika Makumbusho ya Taifa, vikatunzwa na kulindwa dhidi ya wezi na mchwa? Jibu ni kwamba kulindwa dhidi ya mchwa si kulindwa. Kigango kinatakiwa kiishe. Mhifadhi anayekitia dawa ili kidumu miaka 200 anafanya kazi njema kwa sanaa na kazi mbaya kwa koma. Isitoshe, wizi haujakwisha, na umaskini na uongofu wa dini mpya umefanya baadhi ya nyumba zisitake tena kupokea walichopoteza baba zao. Hakuna neno moja litakalofaa kwa hali zote hizi. Mahali pengine litakuwa urithi. Kwa vile vilivyopoteza majina ya koo zao huenda neno bora ni amana, kwa kuwa mwenye kushika amana anajua si chake na anasubiri mwenyewe aje.

Mwenyewe akija atajitambulisha kwa maneno: jina la mzee, jina la mlango wake, mahali palipokuwa hame, nani alikichonga na nakshi gani aliitumia. Maneno hayo wanayo wazee wachache wa Gohu na wachongaji wachache zaidi, kwa Kigiriama, na hayamo katika kadi za majumba ya ng'ambo. Mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo nje, ulioendeshwa na Makumbusho ya Taifa pamoja na washirika wake kutoka mwaka 2018, ulikusanya habari za vitu zaidi ya 32,000 katika taasisi 30. Orodha hiyo inataja kilipo kila kitu. Idara za lugha zinaweza kuanza kuijaza kutoka upande wa pili, kwa kinasa sauti na daftari, huko Kilifi, wakati wanaojua majina ya nakshi wangali wanaulizika.